Reli Iliyoelekea Rwanda Bila Kufika

Rwanda haina reli. Familia ya Kagugu, mtaa wa vilimani katika sekta ya Kinyinya, kaskazini mwa Kigali, ikitaka kuwapandisha vijana wake treni wakati wa likizo, huteremka kwanza hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kisha hushika njia ya Rusumo na kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Ng'ambo hiyo kuna reli yenye umri wa zaidi ya karne moja. Kandokando yake imetanda miji ambayo ama ilizaliwa na reli hiyo ama ilipewa nayo sura mpya: Korogwe, Mombo na Moshi kwenye njia ya Tanga, Morogoro, Kilosa, Dodoma, Tabora na Kigoma kwenye njia ya kati. Waliojenga njia hizo mbili ni Wajerumani, na Rwanda, iliyokuwa ndani ya koloni lao, ilikuwa mojawapo ya hoja zilizotumiwa huko Berlin kutetea gharama za kuisogeza reli ndani zaidi ya bara.

Kabla ya reli, kutoka pwani hadi maziwa makuu kulikuwa ni kutembea. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Mzigo ulibebwa begani au kichwani, kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe na punda katika sehemu kubwa ya njia. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo: walikuwa na viongozi wao wa safari, viwango vyao vya ujira, na vituo vyao vya maji na chakula walivyovijua kwa majina. Wahandisi wa Kijerumani walipokuja kupima njia ya kati, hawakuwa na haja ya kuvumbua mengi, na kwa sehemu kubwa reli ilikwenda mahali misafara ilipokwishakwenda.

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Kampuni binafsi ilianza kujenga kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893 kwa lengo la kuyafikia mashamba ya wazungu katika milima ya Usambara. Fedha ziliisha njiani, na mwaka 1899 serikali ikalazimika kuichukua kazi hiyo. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mombo iko kilometa 129 tu kutoka Tanga, kwa hiyo miaka kumi na miwili ilikuwa imeteketea kwa umbali ambao basi la leo hulimaliza asubuhi moja. Moshi ilifikiwa mwaka 1911, na hapo njia ikawa na urefu wa kilometa 352.

Njia ya kati ilikuwa na kasi nyingine kabisa. Kampuni yake iliundwa mwaka 1904 ikiungwa mkono na Deutsche Bank, na ujenzi ukapewa kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Kazi ilianza Dar es Salaam mwezi wa Februari 1905. Treni iliingia Morogoro Desemba 1907, Kilosa 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, takriban kilometa 1,250 kutoka baharini. Upana wa reli ulikuwa mita moja, sawa na ule wa Tanga na ule wa Waingereza upande wa Kenya. Uamuzi huo mdogo ulikuja kuwa na faida kubwa pale njia hizi zilipoangukia mikononi mwa serikali moja.

Tarehe hizo zina upande wa pili. Miezi michache baada ya tuta la kwanza kuchimbwa Dar es Salaam, vita vya Maji Maji viliwaka kusini, na watu wakaendelea kufa kwa njaa huko wakati treni ya kwanza inaingia Morogoro. Vibarua wa reli walitoka hasa Unyamwezi na Usukuma, baadhi wakiwa ni wale wale ambao kazi yao ya upagazi reli ilikuwa inakuja kuiua. Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898 na kudaiwa kwa rupia, iliwasukuma wengi kutafuta ujira wa fedha. Wasimamizi wa vipande vya kazi walikuwa mara nyingi Wagiriki na Waitaliano waliopewa kandarasi ndogo ndogo. Wengi wa Wagiriki hao hawakurudi kwao. Walinunua ardhi kando ya njia, na majina yao yakaja kusikika baadaye katika kilimo cha katani.

Reli ilichagua miji ya kuinua na ya kuiangusha. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa bara kwa miaka mingi, haikupewa njia, na biashara yake ikahamia Dar es Salaam. Ujiji, mji wa soko na misikiti ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, uliachwa kilometa chache tu nje ya mstari, kwa sababu ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina kizuri zaidi cha kuegesha meli. Kigoma, kijiji cha wavuvi, ikapata jengo la stesheni kubwa lenye matao, lililofaa mji mara kumi ya ukubwa wake. Bado linasimama, na bado linaonekana kama limetangulia kufika likiusubiri mji wake. Tabora ilikuwa mji mkubwa kabla ya Wajerumani, na kwa upande wake reli iliongeza karakana, maghala na mtaa mpya wa maofisa. Dodoma, kinyume chake, ilikuwa mahali pa kupita katika nyika ya Ugogo. Ilianza kama stesheni na boma, na bila treni ya mwaka 1910 ni vigumu kuona vipi ingekuja kufikiriwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya Tanzania.

Ukiitazama ramani ya miji hiyo, sura yake inafanana. Stesheni iko chini, pale ardhi ilipo tambarare. Barabara iliyonyooka inatoka mlangoni mwake kuelekea boma, kando kuna maduka ya Wahindi walioifuata reli, na nyuma kidogo nyumba za wafanyakazi wa reli zenye mapaa ya bati na vibaraza. Miembe imepandwa mistari kwa mistari, ingawa ile ya Tabora na Ujiji iliachwa na misafara na ina umri mkubwa kuliko reli. Kijana anayeshuka kituo baada ya kituo hujifunza mpangilio huo haraka. Akifika mji wa tatu, anajua boma liko upande gani kabla ya kuuliza.

Rwanda iliingia katika hesabu hizi kwa sababu ya watu wake. Pamoja na Burundi, ilikuwa sehemu yenye watu wengi kuliko nyingine zote katika koloni, na kwa serikali iliyokuwa ikilalamika daima kuhusu uhaba wa vibarua na walipa kodi, vilima vile vilikuwa hazina isiyofikika. Tatizo la pili lilikuwa Waingereza. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwa Victoria zikaanza kuchukua mizigo ya Mwanza na Bukoba kuipeleka Mombasa. Ngozi za Rwanda nazo zilifuata mkondo huo: zilitembezwa hadi Bukoba, zikavuka ziwa, zikapakiwa katika treni ya Mwingereza. Koloni la Ujerumani likawa linalisha bandari ya jirani.

Richard Kandt, daktari aliyefika Rwanda mwaka 1898 akitafuta chanzo cha mto Nile, alikuwa mtetezi wa kuiunganisha nchi hiyo na pwani. Mwaka 1907 aliwekwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani katika ufalme wa Yuhi Musinga, akaanzisha makao yake katika kilima cha Nyarugenge. Hapo ndipo Kigali ilipoanzia, ikiwa na nyumba chache, soko, na wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili waliofuata ofisi mpya. Kagugu ya wakati huo ilikuwa kilima cha wakulima na wafugaji, mbali na mji huo mdogo, na ilibaki hivyo kwa miongo mingi. Kandt alihimiza kilimo cha kahawa, kwa kuwa reli isingeweza kulipa gharama zake bila zao la kusafirisha. Alifariki mwaka 1918 Nürnberg, bila kuiona treni ikiikaribia Kigali.

Mwanzoni mwa mwaka 1914, mara tu njia ya kati ilipogusa Kigoma, Bunge la Ujerumani liliidhinisha tawi jipya: reli ya Rwanda. Lilikuwa liondoke Tabora kuelekea kaskazini-magharibi kwa kilometa zipatazo 480 hadi kwenye kona ya mto Kagera, mpakani mwa Rwanda, na kutoka hapo vyombo vya majini vingeendelea na mzigo mtoni. Kwa mpango huo hata Wajerumani hawakukusudia kuifikisha treni Kigali yenyewe kwa hatua ya kwanza. Kazi ya tuta ilianza upande wa Tabora. Mwezi wa Agosti vita vikazuka, vibarua wakatawanywa, na vifaa vikageuziwa matumizi ya jeshi.

Njia ya kati ilivitumikia vita hivyo kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, ilikuwa imevunjwa vipande, ikapakiwa katika masanduku elfu kadhaa, ikavushwa bahari na kisha kupandishwa treni hadi Kigoma. Iliungwa tena na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wabelgiji kwa upande wao waliingia Kigali Mei 1916 na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba. Walifika huko kwa miguu, wakiwa na wapagazi wengi, kupitia nchi ambayo reli ya Rwanda ingeikata.

Baada ya vita, reli ambayo haikujengwa iliendelea kuisumbua Rwanda. Waingereza walikuwa na ndoto ya njia ya kutoka Cape hadi Cairo, na katika mapatano ya mwaka 1919 na Ubelgiji walidai ukanda wa mashariki mwa Rwanda, eneo la Gisaka, ili treni hiyo ipate pa kupita bila kugusa ardhi ya Wabelgiji. Wakaupata. Mwami Musinga alilalamika kwamba ufalme wake umekatwa na malisho yake yamechukuliwa, na wamisionari wa Kikatoliki wakaungana naye kupinga. Ukanda huo ulirudishwa mwanzoni mwa mwaka 1924. Ni nadra kwa reli ya kwenye karatasi kuhamisha mpaka wa nchi mara mbili ndani ya miaka mitano.

Wabelgiji nao hawakuileta reli Ruanda-Urundi. Walipata jambo lililowatosha: haki ya kupitisha bidhaa zao katika njia ya kati, pamoja na maeneo yao maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, yaliyokodishwa kwa kodi ya jina tu. Kahawa ya Rwanda ikawa inateremshwa kwa malori hadi Usumbura, inavuka ziwa hadi Kigoma, kisha inapanda treni. Watu wa kawaida walioondoka Rwanda kutafuta kazi walielekea zaidi Uganda na Bukoba, wakitembea. Upande wa Kigoma, Waha na Warundi walipakiwa mabehewani kwenda mashamba ya katani ya pwani na Tanga. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa.

Waingereza waliongeza matawi mawili muhimu, Tabora hadi Mwanza mwaka 1928 na Moshi hadi Arusha mwaka uliofuata. Ila njia ya Tanga na njia ya kati zilibaki hazikutani kwa nusu karne. Abiria wa Tabora mwenye ndugu Moshi alilazimika kushuka na kutafuta gari la barabarani. Kipande kifupi cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kilichoziunganisha kilikamilika mwaka 1963, Tanganyika ikiwa tayari huru.

Kuhusu kusafiri kwa starehe, historia ya reli hii haina usawa. Enzi za Wajerumani na Waingereza, waliopanda treni ili kupumzika walikuwa wazungu. Walishuka Mombo, wakapanda milima hadi Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal, kukimbia joto na malaria ya pwani. Daraja la kwanza lilikuwa lao. Hata hivyo wingi wa abiria ulikuwa daraja la tatu, na huko walisafiri Waafrika na magunia yao, kuku wao na watoto wao, kwenda msibani, harusini, sokoni au kazini. Safari ya familia kwa maana ya likizo ilipatikana kwao baadaye, kupitia mlango wa serikali: baada ya uhuru, mtumishi wa umma alipewa nauli ya likizo kwenda kwao pamoja na mke na watoto, na kwa wengi nauli hiyo ilikuwa tiketi ya treni.

Vijana walikuwa na treni yao. Shule za sekondari za serikali zilichanganya wanafunzi wa mikoa yote kwa makusudi: mtoto wa Kigoma alipelekwa Pugu, wa Tanga akapelekwa Tabora, wa Mwanza akaenda Mzumbe. Wakati wa kufunga na kufungua shule walipewa waranti, hati za kusafiria bila kulipa taslimu, na mabehewa yakajaa matranka ya bati. Safari ya siku mbili ilikuwa shule ya namna yake. Huko ndiko wengi walikosikia kwa mara ya kwanza lafudhi za wenzao, na walijua nchi kwa kile kinachouzwa dirishani: kuku Saranda, asali Itigi, maembe Tabora, chumvi Uvinza, dagaa na migebuka Kigoma. Kama kuna kitu kimoja ambacho wakoloni hawakukipanga katika reli hii na ambacho kimekuwa na thamani kuliko mizigo yao, ni mchanganyiko huo wa vijana.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Tanzania ikabaki na shirika lake. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kushuka. Mabonde ya Kilosa na Gulwe yalifurika na kusomba tuta mara kwa mara, vichwa vya treni vilizeeka, na mwezi wa Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki mkoani Dodoma ikagongana na ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walikufa. Ukodishaji wa shirika kwa wawekezaji kutoka India ulianza mwaka 2007 na kuvunjwa miaka michache baadaye. Njia ya kaskazini, iliyokuwa imesimama kwa abiria kwa miaka mingi, ilifufuliwa hadi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020.

Sura ya karibuni ni ya umeme. Reli mpya ya kiwango cha kimataifa, yenye upana wa milimeta 1,435, ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 2017. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, kwa mwendo unaofika kilometa 160 kwa saa. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyokuwa ya usiku kucha na zaidi, sasa huchukua saa nne hivi au pungufu. Njia ya zamani inaendelea kufanya kazi pembeni yake, na tofauti ya treni hizo mbili si ya kasi peke yake. Mpya haisimami Saranda mtu akanunua kuku.

Familia inayopanga safari ya polepole kutoka Kigali ina namna mbili za kuingia katika historia hii. Ya kwanza ni kwa basi kupitia Rusumo hadi ukanda wa Kahama na Isaka, kisha treni ya zamani kupitia Tabora. Treni hiyo haiendi kila siku, kwa hiyo tarehe za safari hupangwa kwa kufuata ratiba yake. Daraja la pili lina vyumba vya vitanda sita, na wanaume hutengwa na wanawake. Familia inayokata vitanda vyote sita hukaa pamoja na kufunga mlango wake. Ya pili ni kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme hadi Morogoro na Dodoma, na kurudi. Ya kwanza inachosha zaidi na inafundisha zaidi. Vijana wasiozoea kukaa bila intaneti huipinga siku ya kwanza, na kwa kawaida siku ya pili wameshapata marafiki kwenye korido. Lugha si kikwazo kikubwa, kwani Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017 na mitaa kama Nyamirambo na Biryogo imekizungumza kwa miongo mingi.

Januari 2018 serikali za Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo, umbali wa zaidi ya kilometa 500. Isaka tayari ni bandari kavu: makontena ya Rwanda hufika hapo kwa treni na kumalizia njia kwa malori. Ramani ya mradi huo inaukata mto Kagera karibu na pale Wajerumani walipokusudia kuishia mwaka 1914, na safari hii mstari unaendelea hadi mjini. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Dodoma, kipande hicho kilikuwa bado hakijaanza kujengwa.